Hofu ya Kiumbe Asiyeweza Kuambiwa

Paka aliyeingiwa na hofu hujulikana kwa mwili wake kabla ya sauti yake. Masikio hulala pembeni au hubanwa nyuma, mboni za macho hupanuka hata penye mwanga mkali, mkia hufichwa chini ya tumbo, na kiwiliwili chote hujikunja kikiwa kinatafuta kuchukua nafasi ndogo kabisa. Wengine hufoka, husimamisha manyoya na kurusha makucha. Wengine huganda walipo, wasiguse chakula wala kugeuza kichwa. Binadamu anayemkuta katika hali hiyo, awe mwenye nyumba, daktari wa mifugo au mpita njia, ana uwezo mkubwa juu yake: anaweza kumfukuza, kumkamata, kumfungia au kumwacha. Hapo ndipo swali la dini na falsafa linapoanzia. Je, hofu ya paka ina uzito wa kimaadili yenyewe, au ni usumbufu tu unaomchelewesha binadamu katika shughuli zake? Na ikiwa ina uzito, binadamu anadaiwa utulivu wa namna gani?

Jibu hutegemea hofu yenyewe ni kitu gani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba wanyama wana nguvu ya nafsi iitwayo wahm, na mfano wake unaojulikana zaidi ni wa kondoo anayemwona mbwa mwitu. Macho ya kondoo hupokea rangi, umbo na mwendo. Uadui hauna rangi wala umbo, na bado kondoo huutambua mara moja akakimbia. Kwa maelezo hayo, hofu ya mnyama ni hukumu isiyo na maneno: nafsi yake imekata shauri kwamba kilicho mbele ni hatari. René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alishika njia nyingine akamlinganisha mnyama na mashine iliyoundwa kwa ustadi, inayojongea na kutoa sauti bila ya kufikiri. Mtazamo huo ulipata wafuasi wengi Ulaya, lakini elimu ya ubongo haikuuunga mkono. Julai 2012 wataalamu wa ubongo waliokutana Cambridge, Uingereza, walitoa tamko kwamba mamalia wote na ndege, pamoja na viumbe wengine kadhaa, wanayo misingi ya neva inayozalisha ufahamu.

Tofauti ya mitazamo hii miwili inafika hadi jikoni na uvunguni. Anayeiona hofu kuwa msukosuko wa mwili hutafuta namna ya kuuzima. Anayeiona kuwa hukumu hutafuta namna ya kuijibu, na hukumu hujibiwa kwa ushahidi. Karibu kila kosa linalofanywa katika kumtuliza paka, kuanzia kumkaba ngozi ya ukosi hadi kumnywesha dawa isiyo yake, ni kosa la kuzima kilichohitaji kujibiwa.

Ushahidi unaomfaa paka ni ule unaolingana na asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama anayewinda peke yake. Kaburi lililofukuliwa Shillourokambos katika kisiwa cha Kupro, ambamo paka alizikwa karibu na mtu, lina umri wa miaka ipatayo 9,500. Muda wote huo wa kuishi na watu umempunguzia ukali, lakini haukumfanya mnyama wa kundi. Mbwa akiogopa huweza kumkimbilia mwenzake au bwana wake. Paka hukimbilia mahali. Usalama wake ni sehemu anayoijua, yenye harufu yake mwenyewe aliyoiacha kwa kusugua mashavu na kidevu kwenye miguu ya meza na vizingiti, yenye pa kujificha, pa kupanda na pa kutokea. Yeye ni mwindaji, lakini kwa udogo wake pia huwindwa, na sikio lake hunasa sauti nyembamba zinazovuka mara tatu hivi ya mwisho wa usikivu wa binadamu. Safari ya nusu saa kwenda kwa daktari humnyang'anya vyote kwa pamoja: harufu yake, maficho yake, njia yake ya kutokea, na kimya.

Katika Uislamu jambo la paka lina mahali pake mahsusi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi wanaoisimulia hukazia njaa. Hadithi yenyewe inataja mambo mawili, kufunga na kunyima, na lawama imekaa pale yanapokutana: mwanadamu amemwondolea mnyama uwezo wa kujisaidia, kisha akaukataa wajibu uliozaliwa na kitendo hicho. Anayemtia paka kizimbani kwa ajili ya safari, chanjo au kuhama nyumba anafanya nusu ya kwanza ya kitendo kile. Nusu hiyo peke yake si haramu. Inahamisha mzigo. Kila ambacho paka angejifanyia akiwa huru, yaani kukimbia kelele, kutafuta giza, kujitenga na mbwa, sasa kimo mikononi mwa aliyemfungia.

Je, hofu nayo imo katika mzigo huo, au ni chakula na maji tu? Mapokeo mengine mawili yanalijibu swali hili. La kwanza, lililopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, ni la mtu aliyemlaza kondoo wa kuchinja huku akinoa kisu na mnyama anamtazama. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimkemea kwa kumuuliza ikiwa anataka kumfisha mara mbili. Kuchinja kwenyewe kuliruhusiwa. Kilichokemewa ni ile hofu iliyotangulia, nayo ikahesabiwa kuwa mauti ya pekee. La pili limo katika mkusanyiko wa Abu Daud. Mtume aliingia katika bustani ya mmoja wa Ansari akamkuta ngamia, naye ngamia alipomwona alitoa sauti ya uchungu na macho yake yakatiririka machozi. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza. Kisha akauliza mwenye ngamia ni nani, na alipojitokeza kijana mmoja akamweleza kwamba ngamia huyo amelalamikia njaa na kazi za kumchosha. Mpangilio wa kisa hiki unastahili kuzingatiwa. Mkono wa kutuliza ulitangulia, lakini kunyamaza kwa ngamia hakukufunga kesi. Kulifungua uchunguzi wa sababu.

Wanazuoni waliendeleza jambo hili hadi likawa hukumu za fiqhi. Izzuddin ibn Abdissalam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alikuwa wa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanayafuata mpaka leo. Katika kitabu chake cha kanuni za hukumu alizitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu, zikiwemo kumhudumia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena, na kutomweka pamoja na kinachoweza kumdhuru, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine. Haki hii ya mwisho inamhusu moja kwa moja anayewasafirisha paka wawili katika kizimba kimoja kwa dhana kwamba watafarijiana. Paka mwenye hofu asipoweza kukifikia kinachomtisha humgeukia aliye karibu naye, na ndugu waliolala pamoja jana huweza kujeruhiana leo.

Wapo wanafalsafa waliokubali kwamba kumtesa mnyama ni vibaya, lakini wakautafuta ubaya huo nje ya mnyama. Thomas Aquinas katika karne ya 13, na Immanuel Kant katika karne ya 18, walishika kwamba ukatili kwa wanyama humzoesha mtu ukatili kwa watu. Kant katika mihadhara yake alizitaja picha za mchoraji Mwingereza William Hogarth za mwaka 1751, zinazoanza na watoto wanaowatesa mbwa na paka mitaani na kuishia na mmoja wao kunyongwa kwa mauaji na maiti yake kupasuliwa. Hoja hii ina ukweli wa malezi ambao mzazi yeyote anaweza kuuthibitisha. Hata hivyo haitoshi, na paka ndiye anayeonyesha upungufu wake kuliko mnyama mwingine. Mtu mpole kabisa anaweza kumtia paka hofu kuu kwa sababu ya mapenzi: kumkumbatia kwa nguvu fataki zinapolia, kumsogezea uso akambusu, kumvuta kutoka uvunguni ili ambembeleze. Tabia ya mtu huyo haiharibiki hata kidogo, na huenda huruma yake ikazidi. Kilichoharibika kiko upande wa paka, na nadharia inayoutazama upande wa binadamu peke yake haina jina la kukiita.

Jeremy Bentham, mwaka 1789, alilisogeza swali upande huo wa pili aliposema kwamba cha kuulizwa kuhusu mnyama ni kama anaweza kuumia, si kama anaweza kufikiri au kusema. Katika maelezo yale yale, hata hivyo, alitoa dai jingine linalokumbukwa na wachache: kwamba wanyama hawana yale matazamio marefu ya mateso yajayo aliyo nayo binadamu, na kwa hiyo mauti yao ni mepesi kuliko yetu. Dai hili bado linasikika kwa maneno ya kawaida, mtu anaposema kwamba paka hajui kesho, basi hata akiogopa leo atasahau.

Kwa paka aliye kizimbani hoja hiyo hugeuka dhidi ya mwenyewe. Mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano huambiwa itauma kidogo tu, kisha wataenda nyumbani. Mgonjwa anayelazwa hujua kuna siku ya kuruhusiwa. Kutazamia yajayo huleta hofu, ni kweli, lakini pia huiwekea hofu mpaka, kwa kuwa anayejua kwamba jambo lina mwisho huweza kuuhesabia mwisho huo. Paka hana pa kuhesabia. Hajui kwamba gari litasimama, kwamba mikono inayomkandamiza inampa chanjo, kwamba nyumba ipo na atairudia. Hofu yake inaijaza saa iliyopo bila ya kubakiza pembe. Peter Singer, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama, alilieleza hili kwa mfano wa vita: mateka wa kibinadamu anaweza kuelezwa kwamba akitii hatadhuriwa, lakini mnyama wa porini anayekamatwa hawezi kutofautisha kushikwa na kuuawa, kwa hiyo yote mawili humtisha sawasawa. Upungufu wa akili, uliodhaniwa kuupunguza uzito wa hofu, katika hali hizi unauongeza. Na kadiri kiumbe anavyokosa uwezo wa kufarijiwa kwa maneno, ndivyo wajibu wa kumwondolea sababu za hofu unavyozidi kumwelemea aliyezisababisha.

Lakini anaahidiwaje asiyejua maneno? Binadamu humwambia mwenzake leo kitakachotokea kesho. Kwa paka, kauli pekee inayoweza kubeba wakati ujao ni tendo lililorudiwa mara nyingi hadi likawa mazoea. Kizimba kinachotolewa stoo siku ya safari, kikiwa na vumbi na harufu ya safari iliyopita, kinatangaza hatari kabla mlango wake haujafunguliwa. Kizimba kilichoachwa wazi sebuleni kwa wiki kadhaa, kimetandikwa nguo aliyoilalia, kikiwekwa tonge la samaki mara kwa mara, huwa ni moja ya maficho yake. Kisha mlango hufungwa kwa dakika moja na kufunguliwa, kisha kwa dakika tano, kisha kizimba huinuliwa na kurudishwa chini. Kila mara paka hutoka salama, na kila mara hukumu yake ya zamani hupata shahidi wa kuipinga. Kazi hii inaonekana ndogo, hata ya kitoto, na watu wenye shughuli nyingi huidharau. Kwa kipimo cha maadili ni nzito, maana ndiyo njia iliyo wazi kwa binadamu ya kumpa ahadi kiumbe asiye na lugha, na ahadi hii hutolewa wakati paka ametulia, muda mrefu kabla ya siku ya dhiki.

Siku yenyewe inapofika, yanayobaki kufanywa ni kuuhifadhi ushahidi huo usivunjike. Kizimba kiwe kigumu, chenye kufunguka kwa juu, au chenye nusu ya juu inayoondoka, ili paka aweze kuchunguzwa akiwa amekaa katika sehemu yake ya chini badala ya kuvutwa au kumwagwa. Hufunikwa kwa kanga au taulo inayopitisha hewa, kwa kuwa paka asiyeona kinachomtisha hupata nafuu. Hubebwa kwa kukumbatiwa kutoka chini, si kwa kuning'inizwa mpini kikapigapiga mguuni, na ndani ya gari huwekwa mahali kisipoteleza. Kwenye chumba cha kungojea huwekwa juu ya kiti au meza, mbali na pua za mbwa. Kumkodolea macho humtisha. Kumtazama kwa macho yanayofumba na kufumbua polepole kumeonekana katika utafiti kumfanya awe tayari zaidi kumsogelea mtu. Mkono husubiri paka aunuse kwanza, kisha hugusa mashavu na chini ya kidevu, ukiliacha tumbo na shina la mkia.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wenye nia njema: kumwita paka kwa jina, au kumtikisia kopo la chakula, kisha kumkamata. Abu Daud amepokea kisa cha Abdullah bin Amir, aliyeitwa na mama yake utotoni kwa ahadi ya kupewa kitu. Mtume alimuuliza mama huyo alikusudia kumpa nini, naye akajibu kwamba tende. Akaambiwa kwamba asingempa chochote, ingeandikwa kuwa amesema uongo. Kisa ni cha mtoto, na kukipitisha kwa paka ni kukisia. Lakini kisio hilo lina msingi, kwa sababu kinachoharibika ni kile kile. Mwito uliotumiwa kutega hauaminiki tena, na paka aliyedanganywa kwa kopo la chakula atalikimbia kopo hilo siku nyumba itakapowaka moto na kumwita kuwe ni kumwokoa.

Hapa ndipo pa kulikabili swali gumu kuliko yote, la tofauti kati ya kunyamaza na kutulia. Paka akikamatwa ngozi ya ukosi na kukandamizwa mezani mara nyingi huganda. Kwa miaka mingi kuganda huko kulitafsiriwa kuwa utulivu, kwa hoja kwamba mama yake alimbeba hivyo alipokuwa mchanga. Wataalamu wa tabia za paka siku hizi wanashauri ukamataji huo uachwe. Mama hubeba mtoto wa wiki chache, kwa muda mfupi, bila ya kumzuia ili atendewe jambo. Paka mzima anayeganda ana mboni zilizopanuka na moyo unaokwenda mbio, na hajaacha kuogopa, ameacha kujitetea. Dawa nayo ina mtego huo huo. Asepromazini, iliyotumika sana zamani kuwatuliza wanyama safarini, hulegeza mwili bila ya kuiondoa hofu ipasavyo, na huenda ikamwacha mnyama mwepesi zaidi wa kushtushwa na sauti. Anayetazama kwa nje huona paka aliyelala. Kwa maana ya kimaadili hili ni jambo la kutisha: hofu ipo, aliyeisababisha ameridhika, na ishara pekee ambayo ingemshitaki imezimwa. Hata kukoroma si ushahidi wa kutosha, kwa sababu paka hukoroma pia akiwa na maumivu.

Kipimo kinachofaa, basi, ni uwezo wa kukataa. Paka aliyetulia hubadilisha mkao, hunusa, hujilamba, huchukua chakula, huondoka akitaka. Utulivu anaodaiwa ni ule unaomwachia mambo hayo. Ndiyo maana boksi tupu la karatasi ni msaada mkubwa kuliko mikono ya upendo. Utafiti uliofanywa katika makazi ya wanyama nchini Uholanzi na kutolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba paka wapya waliopewa boksi la kujificha walipungukiwa na msongo upesi kuliko wasiopewa. Usiku wa fataki za mwaka mpya, au harusi ya jirani yenye spika kubwa, jambo la kwanza ni kufunga milango na madirisha, kuteremsha mapazia, kuacha kabati au uvungu wazi, na kumwacha paka aliyejificha huko huko aliko. Mwenye nyumba akae karibu na aendelee na shughuli zake kwa sauti ya kawaida. Akijiwa, ambembeleze, asipojiwa, asimfuate.

Kisa cha ngamia kinarudi hapa kwa upande wa mwili. Hofu isiyokoma ina sababu, na sababu hiyo mara nyingine ni ugonjwa. Paka aliyekuwa mpole akawa mkali ghafla pengine anaumwa jino au kiungo. Msongo wenyewe pia huzaa maradhi, hasa uvimbe wa kibofu usio na vijidudu, na kwa paka dume njia ya mkojo ikiziba huweza kufa ndani ya siku chache. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila ya kutoa mkojo, au paka yeyote anayehema kwa mdomo wazi, hahitaji kubembelezwa. Anahitaji daktari saa hiyo hiyo.

Wakati huo maandalizi ya wiki hayapo, na nguvu inaweza kuwa lazima. Je, ni halali kumtisha kiumbe kwa faida yake asiyoijua? Fiqhi ina kanuni mbili zinazokwenda pamoja: dharura huruhusu yaliyokatazwa, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ya kwanza humpa mtu ruhusa ya kumfunika paka kwa taulo nene, kumzungushia mwili mzima kichwa kikiwa nje, na kumtia kizimbani. Ya pili humnyima ruhusa ya kuongeza hata dakika moja. Jambo linaloweza kungoja, mathalani kukata kucha au kusafisha masikio, linaachwa siku nyingine. Daktari anayesimamisha uchunguzi paka anapozidiwa na hofu anaitekeleza kanuni ya pili, hata kama hajawahi kuisikia. Usalama wa binadamu nao umo katika hesabu. Jino la paka huingiza vijidudu ndani ya nyama, na katika nchi zenye kichaa cha mbwa, zikiwemo Tanzania na Kenya, aliyeng'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali bila ya kuchelewa.

Dawa za kutuliza zina nafasi, kwa sharti kwamba zinapunguza hofu yenyewe. Gabapentini, ambayo daktari wa mifugo humwandikia paka na mwenye paka humpa nyumbani saa mbili au tatu kabla ya safari, imekuwa ikitumiwa sana kwa kazi hiyo. Kipimo chake ni cha daktari peke yake. Hatari iko kwenye dawa za kubahatisha. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mwili wa binadamu huzimudu, na kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Mafuta ya karafuu, mkaratusi na mti chai, ambayo katika nyumba nyingi za pwani na bara ni tiba na manukato, ni sumu kwake yakipakwa kwenye manyoya. Moshi mzito wa udi hufunika harufu ile ile anayoitegemea kujua kwamba yuko kwake.

Lipo kundi ambalo ahadi ya mazoea hailifikii: paka wasio na mwenyewe, wanaoishi kwenye masoko ya samaki, viambaza vya misikiti na vichochoro vya miji kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Paka huzoea mikono ya watu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, na asipoguswa katika kipindi hicho pengine hatamwamini binadamu kamwe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinasema kwamba baada ya gharika hofu ya mwanadamu iliwekwa juu ya wanyama wote. Baadhi ya wasomaji wameiona aya hiyo kuwa hati ya mamlaka. Ukiisoma pamoja na Mithali 12:10, inayompima mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake, inakuwa maelezo ya hali iliyoharibika ambayo mwanadamu hana sababu ya kuizidisha. Dini za India zimelitazama jambo hili kwa upande wa utoaji. Kwa Wajaini, ambao jumuiya yao ina hekalu Mombasa, na pia kwa Wahindu na Mabuddha, kumpa kiumbe hali ya kutoogopa, abhayadana, ni miongoni mwa sadaka zilizo bora, na sadaka hiyo hutolewa kwa kujizuia: kutorusha jiwe, kutonyoosha mkono, kupita mbali kidogo.

Sheria za nchi zimekaribia mawazo haya kwa njia yao. Kamati iliyoongozwa na Brambell nchini Uingereza mwaka 1965 iliweka msingi wa uhuru wa aina tano wa wanyama wanaofugwa, na kuwa huru na hofu na dhiki ni mmojawapo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia. Paka wa mtaani hukamatwa kihalali kwa ajili ya chanjo au kufungwa uzazi, na anayemkamata anadaiwa mambo machache yanayotekelezeka: mtego ufunikwe kwa nguo mara tu mlango unapoanguka, asizungumzishwe wala kuguswa akiwa macho, atibiwe akiwa amelazwa kwa dawa, na akishapata nafuu arudishwe pale pale alipotolewa. Kumlazimisha akae ndani ya nyumba ili afugike, baada ya umri wa kuzoea kupita, ni kumtia katika hofu isiyo na mwisho kwa jina la huruma. Utulivu wake haumhitaji binadamu awepo, na anayemjali hutimiza wajibu wake kwa kumwekea maji na chakula saa zile zile kila siku, kisha kuondoka kabla hajaja kula.